Besiboli ya shule Marekani: kanuni ya kulinda mikono ya watoto wetu imekuwa usanii mtupu

Wakuu salaam. Uzi huu naufungua nikiwa nimekasirika, kwa hiyo wale wa "tulia mkuu, ni mchezo tu" wapite kimya kimya.

Nina kijana wa miaka 16 anayesoma sekondari huku Marekani. Anachezea timu ya besiboli ya shule, nafasi yake ni mrushaji. Najua wengi humu mchezo huu hamuufuatilii, lakini diaspora tuko wengi, watoto wetu wameuvamia mzimamzima, na nimeona niyaseme haya kwa lugha ambayo kocha hawezi kuisoma akamwekea mtoto kinyongo.

Kwa wasioujua: mrushaji ndiye anayeanzisha kila kitu. Anasimama kwenye kichuguu katikati ya uwanja, anautupa mpira kwa nguvu zake zote kuelekea kwa mpigaji, halafu anarudia, halafu anarudia tena. Mechi ya sekondari ina awamu 7 (awamu moja ni kila timu kupata zamu yake ya kupiga), na mrushaji akiachiwa aimalize peke yake, mirusho 100 anaifikia bila shida. Kila mrusho unavuta kano iliyo upande wa ndani wa kiwiko. Kano hiyo ikikatika, kinachofuata ni upasuaji uliopewa jina la Tommy John, mrushaji wa Los Angeles Dodgers ambaye Dkt. Frank Jobe alimpasua mwaka 1974 na kumwekea kano iliyotolewa kwenye mkono wake mwingine. John alirudi uwanjani 1976 na akacheza hadi 1989. Nadhani hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana leo kuna makocha wanauzungumzia upasuaji huu kana kwamba mtoto anaenda kung'olewa jino. Kupona kunakula mwaka na zaidi, na wapo wasiorudi kabisa.

Kinachoniudhi kuliko yote ni kwamba kanuni ipo. NFHS, shirikisho linaloandika kanuni za michezo ya sekondari kutoka makao yake Indianapolis, liliamua kuwa kuanzia msimu wa 2017 kila chama cha jimbo lazima kiwe na ukomo unaohesabu mirusho. Hapo nawapa heko, kwa sababu kipimo cha zamani kilikuwa awamu, na awamu haisemi chochote: mmoja anaimaliza kwa mirusho 8, mwingine inamchukua 35. Lakini wakaishia hapo. Ukomo ni mirusho mingapi, apumzike siku ngapi, nani ahesabu, anayedanganya afanywe nini, yote wakayaachia majimbo. Kila jimbo likachora jedwali lake. Kijana yuleyule, kiwiko kilekile, akivuka mpaka wa jimbo anaambiwa mkono wake una uwezo tofauti.

Mwongozo wa maana upo tangu 2014, unaitwa Pitch Smart, wa MLB (ligi kuu ya kulipwa) na USA Baseball (chama cha taifa cha mchezo huu) wakishirikiana na madaktari. Kwa miaka 15 na 16, ukomo ni mirusho 95 kwa siku. Akirusha 31 hadi 45 anapumzika siku 1. Kuanzia 46 hadi 60, siku 2. Kuanzia 61 hadi 75, siku 3. Akivuka hapo, siku 4. Jimbo letu linafuata mgawanyo huohuo, kwa hiyo kwenye makaratasi sisi ni malaika.

Sasa twende uwanjani.

Kwetu mirusho inahesabiwa na timu zenyewe. Kila benchi lina mtu na kitabu, mara nyingi ni mchezaji wa akiba au mzazi aliyebanwa dakika ya mwisho, na wakitofautiana, kitabu cha timu mwenyeji ndicho kinachosimama. Yaani kocha anayemhitaji mrushaji wake Jumamosi ndiye mwenye kalamu Jumanne. Huko ni kumkabidhi fisi bucha halafu kumwomba na risiti.

Jumanne tulikuwa nyumbani. Mimi nakaa nyuma ya wavu na kile kidude cha kubonyeza cha kuhesabia, kila mpira ukitoka mkononi nabonyeza. Kijana alitolewa awamu ya sita, kidude kinasoma 83. Nikaenda kuomba kuona kitabu. Kitabu kinasoma 74.

Tofauti ya tisa inaonekana ndogo mpaka urudi kwenye jedwali. 83 ni siku 4 za kupumzika, maana yake Jumamosi haruhusiwi kukanyaga kichuguu. 74 ni siku 3: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, na Jumamosi yuko halali. Na Jumamosi kulikuwa na mechi gani? Mechi ya kuamua nani anaongoza kundi. Mnaona wenyewe.

Tisa zilikopotelea nazijua. Mpigaji akishafikisha stiraiki mbili (makosa yake ya kupiga, la tatu linamtoa), kila mpira anaougusa ukatoka nje ya mistari haubadilishi chochote kwenye ubao. Stiraiki zinabaki mbili. Lakini ule ni mrusho, mkono umetumika vilevile. Mwandishi mzembe hachori alama kila mpira. Anangoja mpigaji amalize, anaangalia ubao, anajaza kwa kukisia. Awamu ya tano kuna mpigaji mmoja wa kwao, fundi kweli, aliipangua mipira mitano mfululizo nje ya mstari wa kulia kabla ya kudakwa. Nikatafuta mstari wake kwenye kitabu. Hakuna hata moja kati ya hizo tano. Zimeyeyuka. Na mwandishi, mtoto wa kidato cha kwanza, ananiangalia kwa macho ya "mzee, mimi nimetumwa tu".

Simlaumu yule dogo hata kidogo. Nilimfuata kocha. Akaniambia kitabu ndicho rasmi, na kidude changu hakitambuliki. Nikamwandikia msimamizi wa michezo wa shule, akanijibu kwa adabu sana, aya tatu, kwamba usalama wa wanafunzi ndicho kipaumbele chao cha kwanza na kwamba vitabu vya timu mbili hulinganishwa kila baada ya awamu. Nikauliza: hicho cha wageni kilisoma ngapi? Mpaka naandika hapa, kimya. Chama cha jimbo nacho kinasema malalamiko yapitie shuleni. Kwa hiyo unamshtaki mtu kwake mwenyewe.

Jumamosi kijana alirusha. Nilikataa, mama yake akakataa, yeye akasema akigoma nafasi anapewa mwingine na hairudi. Wazazi wenye watoto wa umri huo mnajua jinsi mazungumzo hayo yanavyoisha. Kwenye gari wakati wa kurudi alikuwa anajaribu kufunga mkanda kwa mkono wa kushoto.

Na hapo tunazungumzia mirusho inayotakiwa kuhesabiwa. Kuna ile ambayo hakuna anayejifanya kuihesabu. Kanuni inagusa mirusho ya kwenye mechi tu. Ile ya kupasha moto kabla ya mechi haimo. Ile ya mwanzo wa kila awamu haimo. Mrushaji wa akiba anayeinuliwa apashe, akakalishwa, akainuliwa tena, anaweza kurudi nyumbani mkono unamuuma na rekodi inasoma sifuri. Halafu kuna timu za klabu za wikendi, za kulipia, ambazo chama cha shule hakina ubavu wa kuzigusa wala hazitumi hesabu kwa mtu. Mtoto anarusha Alhamisi kwa jezi ya shule, Jumapili kwa jezi nyingine, na kila kitabu kinamwona mpya kabisa. Pitch Smart wenyewe wanatahadharisha kuhusu kuchezea timu mbili misimu inayoingiliana, wanataka miezi 4 kwa mwaka bila kurusha kwenye mashindano, na isizidi awamu 100 kwa miezi 12. Hiyo 100 haikuokotwa barabarani. Kuna utafiti wa 2011 uliowafuatilia vijana 481 kwa miaka 10, na waliovuka awamu 100 katika mwaka walikuwa na uwezekano wa kuumia vibaya mara 3.5 kuliko wenzao. Lakini ni mwongozo tu, haung'ati.

Mdakaji ndiye kabisa, hana mwenyewe. Yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji anaurudisha kila mpira kwa mrushaji, mechi nzima. Mwongozo unasema mtoto asifanye kazi zote mbili ndani ya mechi moja. Timu ndogo zenye wachezaji kumi na wawili zinamtoa kwenye kichuguu na kumvalisha kinga za mdakaji palepale, na watu wanapiga makofi kwamba dogo ana moyo.

Ratiba nayo inachangia, ingawa hapa siwezi kumshika mtu mmoja shati. Chama kinapanga tarehe ya kwanza ya mazoezi, ya mechi ya kwanza, idadi ya juu ya mechi, na tarehe ya mtoano, na ile ya mtoano haisogei hata mbingu zianguke. Mvua za majira ya kuchipua zikiharibu wiki, mechi zilizoahirishwa zinabanwa kwenye wiki inayofuata. Mwezi wa mwisho watoto wanacheza mechi nne ndani ya siku sita. Jedwali la mapumziko linachukulia kwamba timu ina warushaji wa kutosha. Shule nyingi zina wawili wa kutegemewa na wengine wa kuomba Mungu.

Halafu angalieni wanavyoweza kuwa wakali wakitaka. Gongo la chuma lisilo na alama ya BBCOR (kipimo kinachodhibiti kasi ya mpira ukitoka kwenye gongo) haliingii uwanjani tangu 2012. Mpigaji akikutwa nalo kwenye sanduku la kupigia anatolewa, na kocha mkuu anaonja adhabu. Tangu 2020 kinga ya kifua ya mdakaji lazima iwe na nembo ya NOCSAE, wale wanaoweka viwango vya usalama vya vifaa vya michezo, kwa sababu mpira ukipiga kifua kwa wakati mbaya unaweza kusimamisha moyo. Radi ikinguruma, kila mtu anatoka nje ya uwanja na harudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, hata kama mko awamu ya saba na watu wawili tayari wametolewa. Mrushaji akivaa chochote mkononi ambacho mwamuzi anaona kinamchanganya mpigaji, anakivua mara moja. Mwamuzi anakagua mkono una nini. Mkono wenyewe umechoka kiasi gani, si kazi yake.

Najua kuna mtu atanijia na Wajapani, "mbona kule vijana wanarusha mpaka wanalia na wanakuwa mashujaa?" Ndugu yangu, hata Wajapani wamestuka. Mwaka 1998 Daisuke Matsuzaka alirusha mirusho 250 katika mechi ya awamu 17 kwenye mashindano ya sekondari ya Koshien, siku moja baada ya kurusha 148, na nchi nzima ikamshangilia. Miaka 20 baadaye, 2018, Kosei Yoshida akarusha 881 katika mashindano hayohayo, na safari hii watu wakaanza kuuliza maswali. Kufikia 2020 shirikisho lao likaweka ukomo wa mirusho 500 kwa wiki. 500 bado ni nyingi mno kwangu, na haina ukomo wa siku, lakini angalau ni namba moja kwa nchi nzima.

Na yule wa "mtoe kwenye timu basi" nimjibu kabisa. Kwa nini mwanangu ndiye atoke? Anayevunja kanuni ni mtu mzima anayelipwa. Watu wazima wanaolipwa mamilioni kwenye ligi kuu wanapumzika siku nne au tano kati ya mechi na mechi, na nyuma yao kuna kundi la madaktari. Huyu wa kwangu ana mtihani wa kemia Jumatatu.

Ninachodai si cha ajabu. Mwamuzi au mtu asiye wa timu yoyote ahesabu, na namba isomeke uwanjani kama matokeo yanavyosomeka, ili mzazi akiona 70 ajue kinachokuja. Hesabu ziwekwe mtandaoni usiku uleule. Timu ikimchezesha mrushaji asiye halali ipoteze mechi, na kocha akae nje mechi kadhaa, kwa sababu faini kwa shule haimuumi yeye. Yapo majimbo ambayo tayari yana adhabu ya kupoteza mechi, kwa hiyo wasituambie haiwezekani. La timu za klabu najua ni gumu, ila hata fomu moja ambayo mzazi anajaza na kusaini mirusho ya wikendi ingekuwa mwanzo, na baadhi ya wazazi wenzangu hapo watakuwa wakali kuliko kocha, maana na wao wana ndoto zao za ufadhili wa chuo. Hao nao wana uzi wao siku nyingine.

Kwa sasa nimemwandikia kocha kwa maandishi, nakala kwa mkuu wa shule, kwamba mechi inayofuata nitakuwa na kamera nyuma ya wavu ikirekodi kila mrusho, na namba yangu ikivuka ukomo nitaingia uwanjani kumtoa mwenyewe. Mama yake anasema nitamwaibisha mtoto. Huenda.

Wazazi mlio majimbo mengine: kwenu nani anahesabu? Namba inatumwa wapi, na mmeshawahi kuona kocha akiadhibiwa kweli kwa hili? Leteni kanuni ya jimbo lenu kama ilivyoandikwa, hata picha ya ukurasa inatosha. Naziambatanisha kwenye barua ya chama.