Coyote ni mnyama au dalali wa kuvusha watu?

Kijana_wa_Igogo: Wakuu naomba kueleweshwa. Kila nikisoma habari za mpaka wa Marekani na Meksiko nakuta eti coyote wanavusha watu kwa hela. Mi najua coyote ni mnyama kama bweha hivi. Sasa imekuwaje? Na hiki ni Kiingereza au?

Sangara_Mbichi: Vishoka wa kimataifa hao 😂

Mwl_Nyegezi: Kiingereza kimelidaka tu toka Kihispania, mwenye neno ni Kinahuatl, lugha ya Waazteki, na mpaka leo kinaongewa Meksiko na watu zaidi ya milioni moja. Wao wanasema coyotl, Wahispania ile tl ya mwisho iliwashinda wakabandika te, ndo hivyohivyo tomatl ikawa tomate, hiyo tomato unayomwagia chipsi. Jina la kisayansi ni Canis latrans, mbwa anayebweka, alilitoa Thomas Say mwaka 1823. Na kwa wenyewe halikuwa tusi, kuna mfalme wa Texcoco, mji wa huko Meksiko, karne ya 15, mshairi pia, aliitwa Nezahualcóyotl, yaani coyote aliyefunga (kufunga kula, sio goli).

MamaDagaa: Mwalimu hujamjibu ya udalali. Huko Meksiko coyote sio wa mpakani tu, hata yule anayekaa mlangoni kwenye ofisi za serikali anakwambia lete kitu kidogo nikusukumie faili lako, naye ni coyote. Halafu Amerika ya Kati wakulima wadogo wa kahawa wanamwita hivyo mnunuzi anayewafuata mpaka shambani na keshi mkononi kipindi ada za watoto zimebana, anabeba mzigo kwa bei anayotaka yeye. Nipo kwenye dagaa hapa Kirumba mwaloni, huyo mtu namjua mpaka rangi ya pikipiki yake. Enzi za mkoloni Mhispania waliwaita hivyo hadi binadamu wenye damu ya mchanganyiko.

Kijana_wa_Igogo: Asante dada. Kwa hiyo ni ule ujanja ndo umewapa jina? Kama sungura wetu?

Mwl_Nyegezi: Ujanja na tamaa vyote. Wanavajo, wenyeji wa asili kule Marekani, wana hadithi kibao za coyote na wanazisimulia majira ya baridi tu. Anawaingiza watu mjini vizuri tu, halafu tamaa inamponza ananasa kwenye mtego wake mwenyewe, yaani Sungura na Fisi ndani ya ngozi moja. Dada pole na huyo wa pikipiki.

Serengeti_Dereva: Nyie mnamuita bweha ila kuna jambo. Yule bweha wa rangi ya dhahabu tunayemuonyesha wageni, mwaka 2015 walipima DNA wakakuta hata sio ndugu wa karibu wa yule wa Ulaya na Asia anayefanana naye, yuko karibu zaidi na coyote na mbwamwitu wa Ulaya (sio hawa wetu wenye mabaka). Yule wa mgongo mweusi ndo bweha kweli. Wageni nikiwaambia wanabisha mpaka geti.