Ati "mawazo"! Yule bwana wa dirishani leo amenivua nguo mbele za watu

Nimetoka pale hospitali sasa hivi, hata buibui sijavua. Simtaji, mnamjua: yule wa kalamu nne mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Nimemwonyesha vidole vilivyovimba kama ndizi mkono wa tembo, yeye macho kwenye simu. Kisha kwa sauti ya dalali wa samaki: "Mama, hayo ni mawazo. Mumeo yuko?"

Mumeo yuko! Foleni nzima ikacheka. Hata mtoto aliyekuwa akililia sindano alinyamaza asikilize.

Chikungunya, ile homa ya mbu inayoumiza viungo, niliibeba Mombasa 2018. Virusi vimeondoka zamani, ila kinga ya mwili haijapata habari. Askari walikuja kumkamata mwizi, mwizi keshatoroka, wao bado wanavunja milango ya mwenye nyumba. Ndio huo uvimbe, na kemikali zake zinachokoza mishipa ya fahamu mpaka shuka likinigusa naruka. Asubuhi saa nzima kikombe hakishikiki. Mbuzi wa nazi sasa anakaliwa na paka. Mawazo yanavimbisha vidole? Mumeo yuko!

Kijana_Langoni: Pole dada. Lakini hukujibu. Yuko?

BiMkomani: Usimcheke mwenzio. Mie aliniambia nipunguze chumvi, na nilikwenda na jino.

Kasa73: Shoga, kunywa tangawizi na zile dawa za kuongeza kinga.

Mwenye uzi: Kuongeza?! Askari waliopo wamenimaliza, wewe waniletea wengine! Nataka ya kuwatuliza. Na yule badala ya kunipima damu ananiulizia mume!

MzeeForodhani: Shida ni maji. 2004 chikungunya ilipotuingia hapa Lamu ilikuwa ukame, kila nyumba mapipa, mbu wa mchana wakataga humo. Watafiti walipopima damu wakakadiria robo tatu ya watu wa Lamu waliambukizwa. Leo mfereji wangu unatoa upepo, mapipa yamerudi.

Kijana_Langoni: Wewe una nafuu. Punda wa jirani kalala mlangoni mwangu tangu alfajiri, nimetokea dirishani.

BiMkomani: Si yule aliyekula kanga zangu kambani?

Kijana_Langoni: Huyo huyo. Mwenyewe simtaji, mnamjua.

Mwenye uzi: Jamani, na vidole vyangu?

BiMkomani: Ngoja kwanza. Huyo punda ana sikio lililokatika?