Mjadala: Malkia Nefertiti arudi Misri au abaki Berlin?

Kila suala la kurudisha sanamu ya Nefertiti, malkia wa Misri ya kale, likiibuka, kuna watu wanalifunga kwa sentensi moja: Wajerumani wana karatasi ya mgao wa 1913. Ni kweli wanayo. Mimi nasema arudi, na naomba tuanze na hiyo karatasi, tuone ilivyopatikana.

Tarehe 6 Desemba 1912, wachimbaji wa Ludwig Borchardt walikuwa wakifukua karakana ya mchongaji Thutmose huko Amarna, mji alioujenga Farao Akhenaten. Humo wakaikuta sanamu ya kichwa cha mkewe, Malkia Nefertiti. Kimo chake ni karibu nusu mita, jiwe la chokaa lililokandikwa plasta na kupakwa rangi, na jicho la kushoto halina mboni. Borchardt aliandika katika shajara yake kwamba kuielezea hakusaidii kitu, ni ya kuonwa kwa macho.

Utaratibu wa wakati ule uliwaruhusu wachimbaji wa nje kugawana walichopata na Idara ya Mambo ya Kale ya Misri, nusu kwa nusu. Mgao ukafanyika tarehe 20 Januari 1913. Iko hati ya mwaka 1924 ya katibu wa jumuiya ya Kijerumani iliyodhamini uchimbaji, naye alikuwepo siku hiyo. Anaeleza kuwa Borchardt alitaka sanamu iangukie upande wao. Mkaguzi wa idara alioneshwa picha ambayo haikuonesha uzuri wake, akaambiwa ni ya jasi, si ya jiwe, na yenyewe ilikuwa imeshafungwa sandukuni kwenye chumba chenye mwanga hafifu.

Wanaoitetea Berlin wanasema hakuna aliyemzuia mkaguzi kufungua sanduku, basi uzembe ni wake. Hoja hiyo ina uzito, siibezi. Ila aliyeandika kwa mkono wake kwamba kitu hiki ni cha kuonwa kwa macho, kwa nini alipeleka picha?

Tena, mkaguzi huyo, Gustave Lefebvre, alikuwa Mfaransa. Mkuu wa idara, Gaston Maspero, naye Mfaransa. Nchi yenyewe ilikuwa imekaliwa na jeshi la Uingereza tangu 1882. Mjerumani na Mfaransa wakagawana urithi wa Misri, na leo Mmisri anaambiwa alikubali mwenyewe! Hili linaniuma kuliko hata suala la picha.

Wengine wanadai haya ni madai ya juzijuzi. Hapana. Berlin ilianza kuionesha sanamu hadharani mwaka 1924, na mwaka 1925 Misri ikatishia kuwafungia milango wachimbaji wa Kijerumani isiporudishwa. Mwaka 1933 Göring, waziri wa Hitler, alitaka kumrudishia sanamu Mfalme Fuad wa Misri, Hitler akakataa.

Suala la usalama nalichukulia kwa uzito. Agosti 2013 makumbusho ya Mallawi, si mbali na Amarna, yalivamiwa na zaidi ya vitu 1,000 vikaibwa, ingawa vingi vilipatikana baadaye. Mwaka 2014 ndevu za kinyago cha dhahabu cha Farao Tutankhamun zilingʼoka jijini Kairo zikabandikwa kwa gundi ovyoovyo. Ni aibu, na Wamisri wenyewe walikasirika. Lakini Berlin nako Nefertiti alinusurika Vita Kuu ya Pili kwa kufichwa kwenye mgodi wa chumvi. Oktoba 2020 mtu alirushia majimaji vitu vipatavyo 70 katika makumbusho ya Berlin, baadhi vikiwa kwenye jengo lile lile analokaa Nefertiti. London, mwaka 2023, British Museum ilikiri kwamba vitu vipatavyo 2,000 vimeibwa, vimepotea au vimeharibiwa, na hakuna aliyesema Waingereza wanyangʼanywe vilivyobaki. Tangu Novemba 2025 Misri ina Makumbusho Makuu kule Giza, ambako hazina yote ya Tutankhamun imewekwa pamoja.

Wala Misri si nchi ya kung'ang'ania kila jiwe. Bwawa la Aswan lilipotishia kuzamisha mahekalu ya Nubia na mataifa yakasaidia kuyaokoa, ililitoa hekalu la Dendur kwa Marekani na la Debod kwa Hispania. Hakuna Mmisri anayeyadai, kwa sababu yalitolewa na serikali yao wenyewe.

Anayeona mgao wa 1913 ulikuwa halali, karibu. Anijibu kwanza hili: siku ile, chumbani mle, nani alikuwa akiisemea Misri?