Jiwe au kisukuku? Tupeane uzoefu wa ufuo wa Ziwa Victoria: Rusinga, Mbita na Karungu

NyarMbita: Mvua kubwa ikipita, kila kitu cheupe ufuoni kinaitwa mfupa wa kale. Rangi haiamui. Angalia palipovunjika: mfupa una ganda gumu nje na vitundu vya sifongo ndani, hata ukishageuka jiwe. Lenzi ya mara 10 inatosha.

KoruKwetu: Lamba. Ukinata ulimini, ni wenyewe.

MtuWaGilgil: Uongo! Diatomaiti ya hapa Kariandusi inanata kuliko mfupa wowote, na ni maganda ya mwani. Vitundu ndivyo vinavyonyonya mate. Mfupa uliojaa madini kabisa haunati. Halafu ufuo wanaonyia ng'ombe, wewe unalamba?

KoruKwetu: Osha kwanza, boss.

NyarMbita: Sindano je? Ipashe iwe nyekundu, gusa pembeni. Harufu ya nywele zilizoungua maana yake protini bado ipo, huo ni mfupa wa juzi. Jino usiliguse.

Dunga_Pwani: Na siki msimwage ili kupima. Majivu ya volkano ya Kisingiri yalijaa chokaa, ndiyo maana Rusinga ina hata matunda na mbegu za miaka kama milioni 18. Mwamba wa kawaida utatoa povu, na kisukuku chenyewe kitaliwa. Wanaookota "vidole" vya duara vyenye tundu katikati: vingi ni mizizi iliyogandiwa na chokaa.

KoruKwetu: Kweli kabisa.

Karungu254: JAMANI fuvu linatokeza kwenye ukingo hapa, meno yapo, vijana wameleta jembe!!

NyarMbita: Wasimamishe! Likitolewa kwenye tabaka lake, umri wake unapotea, kwa sababu kinachopimwa ni majivu yaliyo juu na chini yake.

MtuWaGilgil: Lina pembe? Hilo ni ng'ombe.

Dunga_Pwani: Swala pia ana pembe, mzee. Tazama meno. Ya ng'ombe na swala yana mapindo ya mwezi mchanga. La kiboko likilika juu linaonyesha umbo la majani matatu.

KoruKwetu: Uza kwa mzungu 😂

NyarMbita: Ushauri wa kufungwa huo. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inakupa siku saba kutoa taarifa. Kisumu kuna makumbusho, nendeni huko. Chukua GPS ya simu, piga picha ya ukingo mzima, halafu ya karibu. Vipande vilivyodondoka wekeni pamoja, hata vya ukubwa wa kucha. Fuvu alilopata mtafiti wa visukuku Mary Leakey Rusinga mwaka 1948 liliunganishwa kutoka vipande vipande. Na gundi ya dukani hapana.

Karungu254: Wameacha. Mwenye shamba anasema ni fahali wa babu yake. Picha hiyo.

Dunga_Pwani: Hiyo ni picha ya kidole chako. Weka rula kando ya jino, upige tena kutoka juu.