Dizeli ikipanda mkataba ukiendelea, msafirishaji ajikinge vipi?

Mchukuzi wa Miritini
Assalam aleikum, ndugu zangu. Nina malori machache yanayobeba makontena kutoka bandarini hadi Nairobi, na mteja mmoja anataka tutie sahihi mkataba wa mwaka mzima kwa nauli isiyobadilika. EPRA, mamlaka ya nishati inayopanga bei za mafuta nchini Kenya, hutangaza bei mpya tarehe 14 ya kila mwezi, nami nachelea kufunga nauli leo kisha dizeli ipande. Nasikia mashirika ya ndege hujifungia bei ya mafuta mapema kwenye masoko ya nje. Je, mfanyabiashara wa kiwango changu anaweza?

Mhasibu wa Shimanzi
Waaleikum salaam. Masoko hayo yapo, lakini hayakufai. Anayefunga bei London au New York anafunga bei ya mafuta kwa dola, ilhali wewe unalipa shilingi kwa bei iliyobeba pia VAT, iliyopandishwa hadi asilimia 16 mwaka 2023, na tozo ya barabara, iliyopandishwa hadi shilingi 25 kwa lita mwaka 2024. Tena mwanzoni mwa 2024 dola ilikaribia shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka ikawa karibu 130. Mabadiliko ya namna hiyo hayazibwi na kinga ya mafuta ghafi.

Kinga yako iandike ndani ya mkataba. Tenganisha mafuta na nauli, kisha mkubaliane lita za kila safari na bei ya msingi, yaani bei ya EPRA ya Mombasa siku ya kutia sahihi. Tuseme ni lita 400 kwenda na kurudi: dizeli ikipanda shilingi 10, ankara inaongezeka shilingi 4,000, na ikishuka unampunguzia kiasi hicho hicho. Lita zisibadilike, ili dereva akifyonza tangi hasara iwe yako. Mteja akiliona hilo, hulainika upesi. Taja pia kwamba bei itakayotumika ni ya siku ya kupakia, kwa sababu bei hubadilika usiku wa kuamkia tarehe 15 na ankara ya mwisho wa mwezi huchanganya bei mbili.

Mkongwe wa Changamwe
Naafiki, ila wateja wakubwa hukataa ankara inayoyumba kila mwezi. Wape kizingiti: badiliko lisilozidi asilimia 5 mnalivumilia, likizidi hapo ndipo hesabu inapofanywa upya. Kumbuka vilevile kwamba bei ya EPRA ni ukomo wa juu, hivyo anayenunua kwa wingi ana nafasi ya kuomba punguzo kituoni, hasa akilipa bila kuchelewesha.

Usiwaonee wivu wenye ndege. Southwest ya Marekani ilisifiwa mwaka 2008 kwa kufunga bei kabla mafuta hayajapaa, lakini Cathay Pacific ya Hong Kong ilifunga bei juu, soko likaporomoka, na mwaka 2016 ikapoteza zaidi ya dola bilioni 8 za Hong Kong kwa mikataba hiyo.

Mchukuzi wa Miritini
Shukrani, wazee wangu. Kizingiti cha asilimia 5 hakitanimaliza, ikiwa faida yangu kwa safari ni nyembamba?

Mhasibu wa Shimanzi
Kitakuumiza endapo bei itapanda kidogo kidogo, asilimia 3 mwezi huu na 3 mwezi ujao. Kwa hivyo andika kwamba badiliko linapimwa dhidi ya bei ya msingi, si dhidi ya bei ya mwezi uliotangulia, na kwamba kizingiti kikivukwa mteja analipa tofauti yote.