Mrejesho: Draivshafti ya Corolla 110 yenye ABS imepatikana

Wakuu, niliuliza nitajuaje kama Corolla 110 yangu ina ABS (mfumo unaozuia tairi kujifunga ukishika breki), maana draivshafti ya kushoto, ule mhimili unaotoa nguvu kwenye giaboksi kwenda kwenye tairi, ilikuwa inagonga nikikata kona, na dukani Gerezani, Dar es Salaam, nikaonyeshwa aina mbili, ya gari lenye ABS na ya lisilo nayo. Asanteni sana mlionijibu.

Ushauri wa kuwasha swichi bila kupiga stata ndio ulionifaa zaidi. Taa ya ABS iliwaka, kisha ikazima yenyewe. Fundi akafungua tairi, tukauona waya wa sensa unaoingia nyuma ya diski, na chini ya boneti ile pampu yenye vipaipu vingi vya breki. Ubishi ukaisha: gari lina ABS.

Shafti zenyewe zinafanana mno. Tofauti iko upande wa tairi: ya ABS ina ringi ya chuma yenye meno madogo, imevishwa kwenye jointi ya nje. Sensa inasoma meno hayo ili kujua spidi ya tairi. Ukifunga isiyo na ringi gari litatembea, lakini taa itawaka na ABS haitafanya kazi. Tulihesabu meno ya ringi, tukahesabu mikato (ile mifereji ya kushikia) ya ncha zote mbili, tukapima na urefu, kwa sababu ya kushoto na ya kulia hazilingani. Nawasihi mfanye hivyo hapo hapo kaunta kabla ya kulipa, shafti ya zamani ikiwa mkononi.

Imefungwa, kugonga kumeisha, taa inazima kama kawaida. Ya kulia buti lake, ule mpira unaofunika jointi, limepasuka na grisi inavuja. Nalibadili wiki hii, mchanga usije ukaingia.