Goti lina nguvu, lakini nikifumba macho linayumba

Beki wa Wete
Asalam alaykum. Nacheza beki wa kulia, timu ya mtaa hapa Wete. Niligeuka kumfuata winga, goti likalia ko! Kipimo cha MRI kule Dar kikaonesha ligamenti ya mbele, ule utepe unaofunga mifupa ya goti, imekatika. Nikapasuliwa, wakanipandikizia kano ya nyuma ya paja. Sasa uvimbe umekwisha, napanda ngazi, nakimbia mstari ulionyooka.

Shida iko bafuni, msinicheke. Nikisimama kwa mguu uliopasuliwa niuoshe mwengine, sawa. Sabuni ikiingia machoni nikafumba tu, nashika ukuta. Na umeme ukikatika nikitoka msikitini kwa Isha, ule mguu naukanyaga kama si wangu. Kaka anasema ni woga. Ni kweli?

Mzee wa Gombani
Yakhe, chua mafuta ya karafuu asubuhi na jioni. Na woga nao upo, usikatae.

Fizio Unguja
Mzee wangu, shikamoo. Mafuta hupoza maumivu ya juujuu, lakini huyu haumwi.

Mdogo wangu, ligamenti ile haikufunga tu mfupa wa paja na wa muundi. Ndani yake mna miisho ya neva inayohisi mvuto na kuuarifu ubongo goti limekunjika kiasi gani, linaelekea wapi. Ilipokatika, habari hizo zikapungua, na kano uliyopandikiziwa haikuja na neva zinazofanya kazi. Ubongo ukaazima macho. Tafiti za picha za ubongo zimeonesha hivyo: kwa watu waliofanyiwa upasuaji huu, kukunja na kunyoosha goti tu huamsha zaidi sehemu zinazohusika na kuona.

Bafuni una ukuta. Uwanjani macho yanafuata mpira wa juu, winga, kelele za kocha, na goti linaachwa lijitegemee. Hapo ndipo ninapoogopa mimi.

Kwa hiyo mazoezi ya nguvu peke yake hayatoshi. Simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, na usilitazame goti! Wagonjwa wangu wengi hawabanduki kwenye kioo. Tazama mbali, kisha geuza kichwa huku na huku, kisha rushianeni mpira na mwenzako. Ukishatulia ndipo ufumbe macho, na baadaye sana ukanyage mchanga au godoro jembamba. Timu kubwa zina miwani inayoziba na kufungua macho kwa kupepesa. Sisi kitambaa kinatutosha. Mguu ule mwengine, usiopasuliwa, nao ufanyishe, kwani huathirika pia.

Goti likikuachia hata mchana kweupe, au likivimba tena, acha mazoezi urudi kwa daktari.

Beki wa Wete
Ahsante dadaangu. Nimejaribu barazani sasa hivi. Mbona hata kwa ule mguu usiopasuliwa nayumba nikifumba?

Fizio Unguja
Kila mtu huyumba. Ninachotazama ni tofauti baina ya miguu miwili. Una miezi mingapi tangu upasuaji?

Beki wa Wete
Wa saba ndiyo kwanza unaingia. Mashindano ya mtaa yanaanza mwezi ujao 😅

Fizio Unguja
Chini ya miezi 9 sikuruhusu, na hata ukiifika, kwanza tupime nguvu za paja na kuruka kwa mguu mmoja. Mashindano haya kapige makofi.

Mzee wa Gombani
Na mafuta apake, hayamdhuru.